Divai ya Padre Chini ya Mabati

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Arua, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tisa, kabla vita havijatufikia, nilivunja sheria nne kwa mkono mmoja. Meneja wa tumbaku, mzungu mrefu asiyependa kurudia neno, alinituma stoo nimletee chupa ya divai nyekundu. Nilikwenda mbio, nikarudi mbio. Njiani niliitikisa kama dawa ya kikohozi. Nikaisimamisha dirishani penye jua, karibu na jiko la mafuta ya taa, nikajipanga nyuma ya kiti nikingoja kusifiwa.

Meneja aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Nani alifundisha wewe?"

"Hakuna mutu, bwana. Mimi najua mwenyewe."

"Basi sahau yote."

Nilisahau yote, nikaanza upya. Nawaambia vijana mnaotembea na vyeti ndani ya bahasha: mimi niliishia darasa la tatu, na bado kutoka mto Oli mpaka Ludara hapakuwa na mtu aliyejua kulaza divai kunishinda. Hata leo hayupo. Na mimi ni Muislamu, mtoto wa familia ya askari wa Koboko, sijapata kuionja hata tone. Niliijua kwa pua, kwa macho na kwa kiganja.

Meneja alinifundisha msingi. Chupa yenye kizibo cha gome hulazwa, haisimamishwi, ili divai iguse kizibo na kukilowesha. Kizibo kikikauka husinyaa, hewa inaingia, na hewa ndiyo mwizi. Mwanga nao ni mwizi, ndiyo maana chupa nyingi ni za kijani kibichi. Mafuta ya taa, vitunguu, samaki wakavu, vyote viwe mbali, maana kizibo kinanusa kama wewe. Lakini adui mkubwa ni joto, hasa joto la kupanda na kushuka. Kila mchana nilipita na kuweka kiganja ukutani, na ukuta ukiwa vuguvugu nilihamisha chupa upande mwingine wa nyumba. Sikukaa kitako. Mpishi wa pale aliniita Kuku wa Kutaga, kwa vile nilivyozunguka nikitafuta mahali pazuri.

Nilidumu naye miezi tu. Bunduki ziliposikika karibu, Meneja alipanda gari lake na kuondoka bila kufunga mlango, na sisi watu wa Koboko, ambao wengi tulikuwa na kaka au baba katika jeshi lililokuwa likishindwa, tulibeba magodoro tukavuka kwenda Zaire. Mimi nilivuka na mke wangu, Mama Sebi, mtungi wake mmoja kichwani. Nilimwambia auache. Akaniuliza kule tuendako watu hawanywi maji?

Huko Zaire nilipata bosi wa pili, Mgiriki wa kahawa. Alikuwa na chumba alichokichimba chini ya ardhi, ngazi kumi na moja, na mle ndani ndimo nilimojifunza kuzeesha. Sikilizeni, maana watu wengi wanadhani kila divai ikikaa inakuwa bora. Si kweli. Nyingi ni za kunywa mapema, kama maziwa. Chache zenye nguvu ndizo huzeeka, ukali wake ukapungua, na chini ya chupa yakashuka mashapo, yaani takataka laini nyeusi. Chupa hiyo huiinui ovyo. Unaiamsha siku moja kabla, unaisimamisha polepole, mashapo yatulie, kisha unamimina kwa subira mpaka uone weusi unakaribia shingo, unaacha.

Mgiriki alinikuta siku moja nikigeuza chupa moja moja kuzikagua. Alikuwa na maneno machache ya Kiswahili lakini yalitosha.

"Wewe nageuza nini?"

"Naangalia kama iko sawa, patron."

"Divai iko mgonjwa nalala. Wewe naamsha mgonjwa, nauliza, umelala?"

Kwake nilikaa miaka. Mikono ilitulia, ila miguu haikutulia. Kila msafiri aliyevuka mpaka nilimuuliza Koboko kukoje, nani amerudi, nani amejenga. Siku niliyosikia kwamba jirani yetu amerudi na tayari analima, niliaga. Mgiriki hakunishika. Alisema tu kwamba mutu ambaye macho yake yako barabarani hafai tena kulinda chumba.

Tulirudi Koboko tukakuta vichaka ndani ya nyumba. Kila mtu alianza na nyumba ya majani, mimi pia. Nikafanya biashara ya mbuzi na chumvi, nikawa napita Ludara siku za soko, na kwa akili yangu mwenyewe, bila mjomba mkubwa serikalini, nikainuka. Ilipoingia miaka ya tisini na wakimbizi wa Sudan wakaanza kujaa kwetu, mimi nilikuwa mtu wa kutajwa.

Ndipo akaja Padre. Alikuwa Mkongomani, mfupi, mcheshi, aliyetumwa kuhudumia Wakristo wetu na wale Wasudani. Nyumba yake haikuwa na mlango wa maana, na askari waliopita walikuwa wameinywa divai yote ya misa aliyoikuta. Alipoletewa nyingine kutoka Kampala, karibu chupa hamsini, aliniita. Alikuwa amesikia habari zangu.

"Mutu akitafuta pombe Koboko," akasema, "atapita nyumba zote. Yako ataruka. Na wewe mwenyewe hutakunywa. Sasa niambie, nani mwingine nimpe?"

Nikakubali papo hapo. Kaka yangu, aliyekuwa sajini zamani, alicheka mpaka akakohoa. Alisema mimi ni mbwa anayelinda mfupa wa jirani na meno yake mwenyewe amempa jirani huyo amwekee. Shehe wetu naye aliniuliza kwa upole, nikamjibu kwamba amana ni amana, hata ya asiyeswali nawe. Akanyamaza, nikachukua kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Kazi niliifanya kama alivyotaka Mgiriki. Katika nyumba ya majani nilichimba sakafu hadi goti, nikamwaga mchanga wa mtoni, nikazilaza chupa humo shingo zikielekea ukutani, magunia juu. Mama Sebi alipanga mitungi yake ya maji kando ya ukuta ule, na maji yaliyovuja polepole yaliuweka mchanga unyevunyevu. Majani mazito juu, udongo pembeni. Mchana wa Januari ukiingia mle ungedhani umeingia chini ya mti mkubwa. Kila wiki Padre alikuja kuchukua chupa moja, akainusa, akatikisa kichwa kwa furaha.

Kisha nikamaliza nyumba ya mabati.

Ninyi wa leo hamjui bati lilikuwa nini Koboko wakati ule. Bati likiwaka juani watu waliliona kutoka barabara kuu na kuuliza ni la nani. Nilijenga kuta za matofali ya kuchoma, nikaweka chumba kimoja cha ndani chenye kufuli na rafu za mbao, na nikaamua divai ihamie humo. Nilitaka Padre akija na wageni wake wasiinamishwe kwenye nyumba ya majani kama watu wa kuiba kuku. Mama Sebi alisimama mlangoni akaangalia juu.

"Hii bati iko sufuria," akasema. "Unataka kupika divai ya Padre?"

"Matofali inazuia joto. Mimi nimesoma divai kwa Wazungu. Wewe umesoma wapi?"

"Mimi nalala ndani yake."

Nilikwenda zangu Ludara sokoni nikamwachia kazi ya kuhamisha. Niliporudi rafu zilikuwa zimepangwa kutoka ukuta mpaka ukuta, nzuri kama duka la Arua. Sikuhesabu. Nilifunga kufuli, ufunguo shingoni; Padre alikuwa ameshachukua chupa za kumtosha hadi mwisho wa Kwaresima.

Februari ikaingia na jua lake, Machi ikalizidisha, na mwezi wa Ramadhani ukaanza katikati ya joto hilo. Niliweka kiganja ukutani asubuhi, baridi. Nikaweka adhuhuri, nikakiondoa haraka. Nilijiambia ni ukuta tu, si chupa. Nikaanza kukosa raha. Naswali, mawazo yako chumbani. Nauza mbuzi, natoa bei isiyo yangu. Natoka, narudi, nafungua, nafunga. Nililoweka magunia nikayatundika, yakakauka kabla sijamaliza kutundika la mwisho.

Walionipa habari ni sisimizi. Walipita chini ya mlango mstari mmoja mwembamba, bila haraka, kama watu wanaokwenda kwenye karamu. Nikafungua. Vizibo vilikuwa vimepanda juu ya midomo ya chupa, divai ilikuwa imevuja pembeni na kuganda, na chumba kizima kilinuka siki. Nilifungua moja, ya pili, ya tano. Pua yangu haijawahi kudanganya. Zote zilikuwa zimechacha.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Pasaka. Barabara ya Kampala wakati ule magari yalikuwa yanashambuliwa, msafara haukuwa na siku. Arua walikuwa wameshagawana kidogo walichokuwa nacho. Na Wasudani walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka kambini, wengine hawajapata misa tangu wavuke mpaka, wamebeba majina ya waliowazika njiani ili yasomwe siku hiyo. Padre alikuwa amenieleza hilo mwenyewe, akihesabu kwa vidole jamaa waliomletea majina, vidole vikaisha.

Sitaficha nilichofanya. Nilinunua sukari. Niliwaza kwamba anayekunywa ni Padre peke yake, funda dogo, na kwamba sukari kidogo na maji kidogo vingefunika ukali. Nilikuwa nimeinama na kikombe mkononi Mama Sebi alipoingia.

"Hiyo sukari ya futari?"

Niliweka kikombe chini. Akaangalia rafu, akaangalia sisimizi, akavuta kigoda akakaa mlangoni ili nisipite bila kumruka.

"Nenda kwa Padre," akasema. "Chukua chupa moja, anuse mwenyewe. Umwambie ni wewe ulihamisha."

"Nikishamwambia, jina langu linabaki wapi?"

"Jina litakaa hapo hapo iko sasa, kwa sisimizi. Nenda. Halafu rudi kwangu moja kwa moja, usipite kwa kaka yako."

Nilikwenda saa ya jua kali, na saumu, na chupa ndani ya gunia. Nilimweleza Padre yote, bati, kufuli, rafu, hata sukari. Alinusa, akaweka chupa chini taratibu mno. Alisema divai iliyogeuka siki haiwezi kuwa divai ya misa, na si yeye aliyeweka sheria hiyo. Sikumwona akikasirika, na hilo lilinitesa zaidi.

"Bale batu banatembea siku mbili," akasema. "Nitabaambia nini?"

Nikarudi. Mama Sebi hakuuliza Padre amesema nini. Alinishika mkono kama kipofu, akaniingiza kwenye nyumba ya zamani ya majani, akasogeza mitungi yake mmoja mmoja, akafukua mchanga ulioloa. Chupa sita zililala pale, shingo ukutani, vizibo vimetulia ndani kama siku zilipofika. Hakuwa amezihamisha. Nilivinusa vizibo kimoja kimoja. Havikuwa na harufu ya siki.

Nilizipeleka mbio, na safari hii sikuzitikisa. Na hapa ndipo ninapotaka vijana mnisikilize, maana haya sijayasema popote. Padre alipouliza zimetoka wapi, nilimjibu kwamba mtunzaji mwenye akili huweka akiba pembeni. Siku ya Pasaka majina yalisomwa mpaka jua likasimama kichwani, na mwisho Padre akawaambia watu kwamba ndugu yetu Muislamu ndiye aliyewawekea divai. Mimi nilikuwa nimesimama nje kivulini. Mamia ya watu waligeuka. Nikainua mkono.

Mkono huo ulinipa kazi. Padre aliniandikia barua, barua ikanipeleka Arua kutunza nyumba za mashirika ya misaada, nikawa na funguo za stoo nne, na wakuu wa kutoka nchi ambazo siwezi kuzitamka waliniita fundi. Yule wa mwisho, Mkurugenzi mama mmoja mwenye nywele nyeupe, alinipa saa ya mkono nilipostaafu. Mama Sebi alibaki Koboko na shamba.

Sasa niko nyumbani, chini ya bati lile lile. Kustaafu kumenishinda. Naamka, nazunguka, naweka kiganja ukutani, hakuna cha kulinda. Vijana wanaotengeneza divai ya asali na ya nanasi wanakuja kuniuliza waiweke wapi, nami nawaambia: chimba, mchanga, majani, giza, na ndoto ya bati uiache kando.

Nilipomaliza kuandika haya, binti yetu alimsomea mama yake, yote, pamoja na pale pa mkono. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimamisha ungo. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Mwishowe akasema kuna mahali nimekosea.

"Chupa haikuwa sita. Nilibakisha saba."

Nikamuuliza ya saba ilikwenda wapi.

"Siku ile ulienda kwa Padre, nilifungua moja ninuse. Nikupe kitu mimi mwenyewe sijui iko namna gani, upeleke kwa watu wametembea siku mbili?" Akapuliza makapi. "Nilinusa, iko sawa. Nikamwaga."

Miaka yote niliyotunza divai za watu, na funguo zote zile, sikuwahi kufungua hata moja kuihakikisha kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Nimemwambia binti aandike saba hapa mwisho. Ile sita nimeiacha pale juu nilipoiweka, msomaji aione.