Kofia Iliyojaa Korosho

Kwetu Makote, mpita njia mwenye kiu alikuwa na ruhusa ya kula bibo lako, mradi korosho yake aiache palepale chini ya mkorosho. Hakuna aliyeuliza. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na sisi tukawa wehu. Msimu ule tulikuwa tumeshapiga wezi wawili, na mmoja hakuamka tena. Nilikuwepo, nikajiona mwanaume.

Wachina waliokuwa wakijenga barabara walikuwa na kambi jirani. Mmoja wao, fundi wa mitambo, alizoea kuja kukaa na baba kila Jumapili, wakielewana kwa mikono zaidi kuliko maneno. Asubuhi moja nikamwona anatoka shambani kwetu, kidevu kinachuruzika maji ya bibo, kofia yake imejaa korosho.

"Shikamoo," akaniambia, mimi niliye mdogo kwake, akanyoosha ile kofia.

Nikamtandika fimbo ya uso. Nikapiga yowe: "Mwizi! Mchina mwizi!"

Watu walikuja mbio utadhani walikuwa wanasubiri kuitwa. Mateke, mawe, magongo. Jino lake liliruka likaangukia mguuni kwangu, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Alijikunja mavumbini akirudia, "Bibo tu! Bibo tu!" Hilo likatuchochea zaidi.

Jirani yetu akainua panga. Baba alitokea nyumbani anakimbia, akajitupa juu ya yule mtu.

"Muacheni! Mimi ndiye niliyemwambia bibo ale, korosho ni za mwenye shamba! Alikuwa ananiletea!"

Panga lilikuwa limeshashuka. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa baba vilibaki mchangani.

Watu wakatawanyika. Mimi nilisimama tu na fimbo yangu. Mchina, jicho moja limefumba kwa uvimbe, alivua shati akaufunga ule mkono, akambeba baba mgongoni hadi kambini, mimi nikiwafuata nyuma. Gari la kambi likatupeleka hospitali Newala.

Askari alikuja kuuliza. Mchina, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, alisema ameanguka kwenye mtambo. Baba alisema panga lilimponyoka akifyeka. Askari akanigeukia: "Na wewe, kijana, uliona nini?"

Wote wawili walinitazama.

Nilisema sikuwepo.