Mvua ya Omurushaka kwenye Kanda ya Ihembe

Lori la kahawa lilinishusha Omurushaka asubuhi ya saa tatu, mwaka 1989, nikitokea Kyerwa. Sikumjua mtu pale. Mfukoni nilikuwa na kaseti sita za mazungumzo ya wafugaji, kila moja na ugonjwa wake: huku upepo, kule ng'ombe, nyingine betri iliyokuwa inakata roho. Nilitaka zisikike kama zimerekodiwa siku moja. Mwenye nyumba ya wageni akanielekeza kwenye duka la kaseti la Kakuru, nimwulize Dafroza.

"Huyo anaweza kukutoa jikoni akakuweka kanisani," alisema, "na padri asigundue."

Dafroza alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, aliyeachika, aliyejifunza kazi kwa kufungua redio mbovu zilizozagaa baada ya vita. Alisikiliza kaseti yangu ya kwanza akiwa amefumba macho. Sauti iliyorekodiwa betri ikiwa dhaifu hutoka nyembamba na ya haraka, akaniambia, kwa hiyo hulegeza skrubu ya mota mpaka mtu arudi kwenye sauti yake. Kisha hupiga vipande vyote kwa spika moja, ndani ya chumba kimoja, na kuvirekodi upya. Mwisho hutandaza mvua juu ya viungo. Sikio likishaipata mvua, halitafuti tena mshono.

Lakini siku hiyo asingegusa kazi yangu. Ukoo wake ulikuwa unakutana Ihembe saa sita.

Alinieleza huku akisafisha vichwa vya redio, vile vinavyosoma kanda, kwa pamba yenye spiriti. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye ndiye aliyemuuguza. Kaka yake, Protase, akamletea vipande kumi na viwili vya sauti ya mzee: vingine vya harusini, vingine vya jikoni, vingine vya shambani. Akamwomba aviunganishe kwa mpangilio aliouandika kwenye karatasi, eti kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Dafroza alifanya kazi siku nne, akilia. Mzee aliposema "nimempa", yeye alijua ni ng'ombe aliyempa bwana harusi. Mzee aliposema "kibanja chote, na migomba na mibuni," alijua alikuwa anamweleza kibarua mahali pa kupalilia.

"Nilikuwa nasikiliza mvumo," alisema. "Maneno sikuyasikiliza."

Kanda haikufika kwenye misa. Protase aliipiga mbele ya wazee wa ukoo, nao wakamsikia marehemu, kwa pumzi moja na mvua moja, akimrithisha mwanawe kibanja chote, pamoja na kile kipande cha chini ambacho Dafroza aliahidiwa na ambako mama yao amezikwa. Aliposema kwamba kanda ile aliishona yeye, walimcheka. Wakasema ni wivu wa mwanamke aliyerudi nyumbani. Leo walikuwa wanakwenda kupanda miti ya mipaka.

Akaweka nakala ya kanda ile aliyojibakizia, akabonyeza kitufe. Nikamsikia mzee mpole, na mvua juu ya bati. Akashusha trebo, zile sauti nyembamba, akapandisha besi mpaka mvua ikazama. Chini yake kulikuwa na mdundo: du, du, du.

"Mashine ya kusaga, iko nyuma ya ukuta huu. Mvua ile niliirekodi hapa hapa. Kwa Tata, baba yetu, hakuna mashine, na nyumba yake ilikuwa ya nyasi hadi alipofariki."

Nikamwambia hiyo inatosha, awasikilizishe tu.

"Haitoshi. Kwanza nitamwomba aape juu ya kaburi la Tata kwamba kanda haikuguswa. Ataapa, namjua. Wakishamsikia wote, na mkewe akiwepo, ndipo nitapandisha besi. Kwetu aliyemwapia baba yake uongo hanywi tena pombe ya rubisi kwenye kibuyu kimoja na wenzake. Watamtengea cha kwake, kama mbwa."

Niliuliza kama asingemwonya kwanza, maana ni ndugu yake.

"Aliponiletea vile vipande, alinionya?"

Kakuru, mwenye duka, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alimwambia taratibu kwamba akienda kukiri kwa mdomo wake kuwa anaweza kumsemesha maiti, hakuna mtu Karagwe nzima atakayeamini kanda iliyotoka dukani hapo.

"Dafroza waitu, dada yetu, ukienda, usirudi kwenye meza hii."

Dafroza akaondoa kidole kwenye vitufe. Kisha akachomoa nyaya. Redio ilikuwa yake. Akaifunga kwa kanga, spika ikitazama nje. Akanisukumia kaseti zangu na bisibisi ndogo, akanionyesha skrubu ya mota ilipo kwenye deki ya Kakuru.

"Geuza kidogo kidogo, mgeni. Ukizidisha, mzee wako atageuka fahali."

Nje, mwenye baiskeli wa Ihanda alikubali kumpeleka. Alipanda nyuma, ameikumbatia ile redio, mgongo umenyooka. Kakuru akamwita mara moja tu. Hakugeuka. Baiskeli ikashika njia ya Ihembe, nami nikabaki mezani pa Dafroza na bisibisi mkononi.