Jérémie alikataa, mimi niliandika kwamba alikubali

Tumemzika Jérémie na bado siamini. Leo asubuhi nilitaka kumpigia simu kabla sijakumbuka.

Kwa wasiomjua: alikuwa développeur, mtengenezaji wa programu za kompyuta, katika ofisi yetu hapa Bunia. Mimi ni secrétaire, naandika PV, yaani ripoti za mikutano.

Alipenda kubishana, lakini kwa adabu. Kabla ya kukupinga, alirudia wazo lako kwa maneno yake hadi useme, "Ndiyo, ni vile." Ndipo alipolivunja.

Tulikuwa tunajadili application ya kuandikisha familia zinazorudi kwao Fataki baada ya kukimbia vita. Chef, mkubwa wetu wa kazi, alitaka ukurasa wa kwanza uwe na ramani na picha nyingi. Jérémie akaweka mezani simu ya zamani yenye réseau dhaifu ya intaneti, akafungua jaribio la ukurasa huo, akatuomba tungoje. Tulingoja mpaka chai ikapoa, ukurasa haujafunguka.

Mwenzetu mmoja akamcheka: "Weye unatengenezea simu ya bibi yako?"

"Ndiyo. Na bibi yangu ndiye atasimama ku mustari kuandikishwa."

Chef hakucheka. Alisema ramani inabaki. Jérémie akanigeukia: "Andika: mimi nimekataa."

Chef alikuwa ananitazama. Niliandika: wote wamekubali.

Siku ya kuandikisha, kule Fataki ukurasa haukufunguka. Akina mama walisimama kwenye mvua tangu asubuhi, wakarudi bila kuandikishwa. Chef akauliza nani alijenga kitu kizito namna hii, kisha akasoma PV yangu kwa sauti.

Jérémie alinitazama mara moja tu. Contrat yake ya kazi ilipoisha, haikuongezwa.

Alipolazwa hospitali nilikwenda kumwona. Nikaongea juu ya mpira. Aliniacha niongee.

Juzi, kwenye kilio, mama yake alinishika mkono. "Mutoto wangu, weye ulikuwa unatumika naye ku ofisi. Ni kweli aliharibu ile kazi?"

Nilisema sijui, mama. Chef alikuwa ameketi nyuma yetu.

Mama, nilijua. Mtoto wako alikataa, mbele yetu sote, na alisema kweli. Uongo niliuandika mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu ya woga.

Chef atasoma hapa mtandaoni. Hata hivyo nimeandika jina langu lote juu ya ukurasa huu.

Jérémie, haya ulistahili kuyasoma ukiwa hai. Lala salama, ndugu yangu. Sikuombi unijibu.