Kitako cha Sado

Severina hakuwahi kukaa kwenye dawati hata siku moja, lakini kwa kupima hakuna aliyemzidi pale Iyunga, Mbeya. Kwenye genge lake kando ya barabara kuu alikuwa na sado mbili, vile vindoo vya rangi ambavyo kila muuza viazi anavyo. Moja kitako chake kilikuwa sawasawa. Ya pili alikuwa amekipasha kitako moto kikalainika, akakisukuma juu kwa chupa hadi kikaingia ndani. Hii ya pili ndiyo aliyoitumia. Aliijaza viazi, akapandisha vingine juu mpaka vikafanya kilemba, na mteja akaondoka anashukuru kwa nyongeza. Nyongeza yenyewe ilikuwa imetoka tumboni mwa sado ileile. Severina hakuona haya. Alisema amepimiwa kwa sado ya namna hiyo miaka mingi, naye anarudisha tu.

Aliyempimia alikuwa mumewe, Dastan. Walikuwa wanaishi Nyololo, kwenye shamba ambalo baba yake Severina alimpa yeye mwenyewe, jambo lililowafanya kaka zake wamnunie hadi leo. Ekari moja na kitu, udongo mweusi, na upande wa bondeni mstari wa milingoti, ile miti mirefu ya mbao, aliyoipanda kwa mkono wake akiwa na mimba ya Didas, mtoto wake wa pekee. Msimu mmoja Dastan alimletea karatasi na kidau cha wino, akamwambia ni ya kuandikishwa mbolea ya ruzuku. Kila nyumba kijijini ilikuwa inaandikishwa mbolea wiki ile. Severina akafuta mkono kwenye kitenge, akaweka dole gumba. Aliweka na la pili pale chini, kwa sababu Dastan alisema la kwanza limetoka hafifu.

Haikuwa mbolea. Ulikuwa mkopo, na shamba ndilo lililowekwa rehani. Dastan alinunua pikipiki, akaipanda hadi Tunduma kwa mwanamke mwingine, na mpaka leo hajarudi hata kuchukua koti lake. Wakopeshaji walipouza shamba, aliyelinunua ni jirani, Fanueli, mzee wa kanisa, mtu aliyejua kila kitu.

"Nisingelinunua mimi, angelinunua mwingine," alimwambia Severina siku ile, kwa sauti ya kufariji.

Maneno hayo hakuyasahau. Alibeba godoro na sufuria, yeye na Didas, aliyekuwa kijana tayari, wakaja Mbeya.

Sasa miaka kumi na miwili imepita, Didas ana familia yake Makambako, na Jumatatu moja asubuhi simu ikaita. Ni Fanueli.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

"Nahamia Mafinga kwa kijana wangu, miguu imekataa. Lile shamba nauza. Kuna mtu wa mbao ananisumbua, lakini nimesema nianze na wewe. Milioni moja na laki sita. Nakupa wiki mbili."

"Umeanza na mimi kwa sababu gani?"

"Umri, dada. Mtu anafikiria mambo."

Severina alikata simu akakaa juu ya gunia. Kwenye kikoba chake cha wanawake alikuwa na milioni moja na laki mbili na nusu, akiba ya miaka tisa. Zilipungua laki tatu na nusu. Mtaji wa genge ulikuwa laki nne, nao ndio uliomlisha. Akiugusa, genge linabaki meza tupu. Kikoba kingempa akiba yake, lakini mikopo kilikuwa kimeisimamisha mpaka mgao wa Desemba. Wapo wakopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa kausha damu, ambao wangempa hela kabla ya saa sita mchana, na baada ya mwezi wangekuja kubeba kitanda. Alikwisha kuona kitanda cha jirani yake kikibebwa, mwenyewe akiwa bado amejifunika shuka.

Kesho yake akaja binti wa benki. Jina lake Goodness, amevaa fulana ya kola yenye nembo, mkononi ana kishikwambi. Alikuwa anapita genge kwa genge kwa wale wanaopokea malipo kwa namba ya simu, kwa sababu benki, alisema, imeona mzunguko wao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama unauza dawa ya meno, ninayo."

"Siuzi, mama. Nimeleta kadi ya mkopo. Riba ya chini kuliko zote, asilimia moja na nusu kwa mwezi. Ukilipa ndani ya siku arobaini na tano, hulipi riba kabisa. Na ukijiunga mwezi huu, ukatumia kuanzia laki tatu, tunakurudishia elfu thelathini. Ni yako, hairudi."

"Kikomo?"

"Kwako wewe, laki tano."

Laki tano. Severina aliendelea kupanga nyanya mafungu ya nne nne, kana kwamba hajasikia. Kichwani alikuwa amekwisha kufika Nyololo, hela mkononi, Fanueli anazihesabu. Na elfu thelathini juu yake, za bure. Hilo la bure ndilo lililomrudisha. Alitazama sado yake ilivyojaa, kilemba cha viazi kimesimama vizuri, kisha akamtazama binti.

"Hebu kaa," alisema, akamsogezea kreti la soda. "Hizi elfu thelathini ni kilemba. Nimekiona. Sasa niambie kitako kimesukumwa wapi."

"Kitako gani, mama?"

Severina alimwaga viazi, akaigeuza sado na kumwonyesha ndani. Goodness aliichungulia, akafunika mdomo kwa mkono.

"Mama! Na mimi wiki iliyopita nilinunua hapa."

"Ulinunua. Na ukasema asante. Sasa na mimi nataka nijue kabla sijasema asante."

Binti alicheka, halafu akaacha kucheka. Alifungua kishikwambi akasoma kwa muda, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Kuna ada ya mwaka," alisema. "Elfu ishirini na tano. Inakatwa mwezi wa kwanza."

"Kwa hiyo mnanipa thelathini, mnachukua ishirini na tano."

"Ndiyo."

"Endelea. Hicho ni kidole tu kimebonyeza. Kitako bado."

Goodness alisoma tena. "Ukitoa hela taslimu kwa kadi, kwenye mashine ya fedha au kwa wakala, kuna makato ya asilimia tano palepale. Na riba yake ni asilimia nne kwa mwezi, inaanza siku hiyohiyo, haingoji siku arobaini na tano. Na ile hela uliyotoa haihesabiki kwenye laki tatu za zawadi. Zawadi ni kwa manunuzi tu, kwenye maduka yenye mashine ya kadi."

"Na mkulima wa Nyololo anayo mashine ya kadi?"

"Sidhani, mama."

"Basi ndicho hicho."

Lori la mbao lilipita, vumbi likawafunika wote wawili. Severina alimwambia arudi Alhamisi. Kabla hajaondoka, binti aliomba viazi vya elfu tatu, kidogo kwa woga. Severina aliiweka pembeni sado ya kila siku, akachukua ile ya kitako sawasawa, akampimia kwa hiyo.

"Hii ni kwa kuwa umesoma mpaka mwisho," alisema. "Usiwatangazie wenzako."

Siku mbili zile alifanya kama afanyavyo kila mnunuzi wa nafaka anayejua kazi yake: alipitisha kijiti juu ya kipimo kilemba kikaanguka. Elfu thelathini akaziondoa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzitaja. Je, bila hizo kadi inafaa? Kwa kutoa taslimu haifai, ni kausha damu aliyevaa tai. Kwa kununua dukani, labda. Lakini yeye hakutaka kitu cha dukani, alitaka shamba.

Jumatano jioni alikwenda kuchukua mchele kwa Makame, mwenye duka la jumla jirani na stendi, mtu ambaye babu yake alikuja Mbeya na biashara ya nguo kutoka Kilwa na hakuondoka tena. Kila mwezi Severina alichukua kwake mchele, mafuta, sukari na unga. Juu ya kaunta, karibu na mzani, palikuwa na kimashine cheusi cha kadi kilichofunikwa kitambaa kama chungu cha maziwa.

"Hiki kinafanya kazi, Makame?"

"Kinafanya. Wanaokuja na kadi ni wale wa miradi na wazungu waliopotea njia. Kwa nini, Mama Didas, umepata mzungu?"

"Nimepata benki."

"Afadhali mzungu." Alipomsikiliza, Makame alitikisa kichwa. "Mimi riba siigusi, dini yangu hairuhusu. Hata ukinipa bure."

"Sijakuomba uiguse. Nakuuliza, nikilipa mzigo wangu kwa kadi, unaniongezea bei?"

"Wengine naongeza asilimia mbili, benki wananikata."

"Miaka kumi nanunua kwako. Mchele wenye mawe nimekurudishia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na wenye mawe ulikuwa mara ngapi?"

Makame alikuna ndevu. "Sikuongezei," alisema.

Hapo ndipo Severina alipoiona njia. Laki tatu na nusu za mtaji alizokuja nazo, zimefungwa kwenye kona ya khanga, zingekwenda Nyololo. Mzigo wa genge ungelipwa kwa kadi, hapahapa, kwa Makame, manunuzi halali. Mzigo wa Makame humalizika kwa wiki tatu, wiki nne mambo yakiwa mabaya. Siku arobaini na tano zingetosha, na nyingine zingebaki. Kadi isingenunua shamba. Ingeshika tu nafasi ya hela wakati hela imesafiri. Mzigo aliuacha mpaka kadi ije, na hesabu hiyo aliirudia kwa vidole mara tatu akiwa njiani, akitafuta mahali pa kubonyea, na hakupata ila pamoja: akiugua. Akilala kitandani mwezi mzima, genge likafungwa, riba itaanza. Hilo alilijua na akalikubali likiwa wazi. Mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza kama anakubali.

Alhamisi Goodness alirudi. Severina alimtaka asome maneno yote kwa sauti, mbele ya Makame, aliyeacha duka lake akaja kusimama gengeni, mikono nyuma kama shahidi wa ndoa. Binti alisoma mpaka koo likakauka. Kila penye neno gumu Severina alisema, "Sema kama unavyomwambia bibi yako," na binti akasema upya.

"Sasa kidole, mama," alisema mwishoni, akatoa kimashine cha alama za vidole.

Severina aliweka dole gumba la kulia. Taa ikawaka nyekundu. Akalifuta, akaliweka tena. Nyekundu. Goodness alilishika akalitazama kwa karibu: lilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Miaka kumi na miwili ya kuchambua na kusugua viazi vyenye udongo ilikuwa imefuta mistari yote.

"Halisomeki, mama. Inatokea kwa wanaofanya kazi ngumu."

Severina alikiangalia kidole chake kwa muda. Hicho ndicho Dastan alichomfanya akichovye kwenye wino mara mbili.

"Kiache hicho," alisema. "Kimekwisha kuniumiza vya kutosha. Chukua hiki." Akatoa cha shahada cha mkono wa kushoto, na taa ikawaka kijani.

Kadi ilifika Jumatano iliyofuata. Mzigo ukalipwa kwa Makame, laki tatu na nusu kamili, na Ijumaa asubuhi Severina, akiba ya kikoba na mtaji vimefungwa kwenye khanga, akapanda basi la kwenda Iringa akashuka Nyololo. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Kwenye ofisi ya kijiji Fanueli alimngoja na fimbo yake, na mtendaji alikuwa amekwisha kuandaa karatasi.

"Karibu nyumbani, dada," alisema Fanueli. "Weka kidole, tumalize, ukapumzike."

"Asome kwanza."

Mtendaji akasoma. Ukubwa, mipaka, bei, majina. Severina alisikiliza amefumba macho. Alipomaliza alimwambia asome tena pale penye mipaka. Upande wa bondeni, karatasi ilisema, mpaka unaishia kwenye milingoti.

"Kwenye milingoti, au milingoti ikiwa ndani?"

Mtendaji alimtazama Fanueli. Fanueli aliitazama fimbo yake.

"Ile miti, dada," alisema polepole, "yule mtu wa mbao ananipa laki nne. Nilifikiri wewe unataka udongo tu."

"Niliipanda mimi. Ulinikuta naimwagilia."

"Nakumbuka."

"Basi kilemba ulichonipa ni kuanza na mimi," alisema Severina, bila kupandisha sauti. "Na kitako ni hicho. Andikeni milingoti imo ndani. La sivyo hizi hela zinarudi Mbeya na basi la saa saba, na wewe uza kwa mtu wa mbao, lakini Jumapili ukisimama mbele ya watu kanisani, mimi nitakuwa nimekaa benchi la kwanza."

Nje jogoo alikuwa anawika nje ya wakati wake. Hatimaye mzee alimwinulia mtendaji kidole, na mtendaji akakata mstari, akaandika upya, akausoma mstari mpya mara mbili bila kuombwa.

Severina alihesabu hela mezani, akaweka kidole cha shahada cha kushoto. Fanueli alimnyoshea mkono akasema sasa wasameheane. Severina alimpa mkono, kwa kuwa mzee alimzidi umri, lakini neno la msamaha hakulisema.

Shambani alishuka moja kwa moja bondeni. Milingoti ilikuwa imekuwa mirefu kuliko alivyotegemea, magome yamebanduka. Aliihesabu kwa kuigusa, mmoja mmoja, thelathini na minane, kisha akahesabu siku zilizobaki kwenye kadi, arobaini na tatu. Akapanda barabarani kungoja basi la kurudi Iyunga, maana kesho kulikuwa na mchele wa kuuza.