Nusu ya Ujumbe Iliyokwenda Ukutani

Yanasemwa mtaani kwamba binti yangu alimdhalilisha baba yake mkubwa kwenye skrini ya zahanati, kwa makusudi, mbele ya wagonjwa. Wengi wanaoyasema hawakuwepo. Waliokuwepo walikuwa kwenye foleni, hawakuona kilichotokea nyuma ya kaunta. Watoto wa marehemu mume wangu hawakulelewa hivyo.

Binti yangu ni karani wa mapokezi. Mezani pake kuna kompyuta tatu: ya kuandikisha wagonjwa, ya dirisha la dawa, na ile inayoendesha skrini kubwa ya ukumbini, inayoonyesha nani anaitwa chumba kipi. Kompyuta ni tatu, lakini kibodi moja, kipanya kimoja, kioo kimoja. Vyote vimeunganishwa na kisanduku chenye vitufe vitatu. Kitufe unachobonyeza ndicho kinachokupeleka kwenye kompyuta yake. Meneja alikinunua ili kubana matumizi, akakisifu kama mkwe mpya.

Kisanduku kile kilikuwa na kasoro. Kioo kilihama upesi, kibodi ikajivuta nyuma. Unaitazama kompyuta ya kwanza, kumbe vidole bado vinaandika kwenye ya tatu. Siku moja dawa ya minyoo iliitwa chumba namba mbili.

"Bosi, hiki kitu kitaniumbua," binti alimwambia meneja.

"Vumilia, dada. Bonyeza, vuta pumzi, ndipo uandike."

"Na wagonjwa nao wavute pumzi?"

Meneja alicheka akaenda zake.

Siku yenyewe, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikwenda pale kupima presha. Mtaa mzima unajua kwamba anaidai nyumba tunayoishi. Alikuwa amenitumia salamu kwamba akitoka huko atapita kwangu, nami nikamwandikia binti kumuuliza nimpokeeje. Akaanza kunijibu kwenye kompyuta ya kuandikisha, alikofungulia meseji zake. Katikati ya jibu muuguzi akapaza sauti, "Mapokezi, wewe! Mwite anayefuata!" Binti akabonyeza kitufe cha tatu, akaita mgonjwa, akarudi cha kwanza. Akauona ujumbe wake unamsubiri, akaumalizia huku macho yako kwa mama mwenye mtoto anayelia dirishani. Kioo kilikuwa kimerudi. Kibodi haijarudi. Ukumbini pakatokea: LAKINI NYUMBA HAPATI HATA ALIE.

Watu waliangua kicheko. Shemeji alisoma, akavaa kofia yake, akaondoka bila kupimwa. Kesho yake akapeleka malalamiko. Meneja, kwa kukilinda kisanduku chake, akamwambia binti achague: aandike kwamba alikusudia na aombe radhi, au kazi hana.

Nilikwenda naye zahanati. Shemeji alikuwa ameshakaa, hata salamu yangu aliipokea kwa kidevu. Binti akaombwa aonyeshe hiyo kasoro. Akabonyeza, akaandika, herufi zikatua palepale zilipotakiwa. Akarudia. Zikatua tena. Kisanduku kilichomsumbua miezi yote kilikuwa kitiifu kama mtoto mbele ya wageni.

"Unaona, mama? Kifaa kizima," meneja akasema.

"Kizima kama mgonjwa aliyemwona daktari," nikamjibu. Nilikuwa na hasira.

Nikamgeukia binti. "Ulichonijibu siku ile hakijanifikia mpaka leo. Kifungue."

Akainama. "Mama, ni mambo ya nyumbani."

Nilimwelewa. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ya ndani hayaanikwi ofisini. Lakini jina lake lilikuwa limeshaanikwa, na kazi ilikuwa inakwenda.

"Fungua, mwanangu."

Nusu ya kwanza ilikuwa bado pale, haijatumwa: *Mama, baba mkubwa ni mzee wetu. Mpokee vizuri, mkalishe kwenye kiti cha baba, msikilize mpaka amalize, usimgombeze,* na hapo pakakatika.

Shemeji alisogeza miwani, akasoma mara mbili. Meneja akakohoa.

"Malalamiko yangu nayafuta," shemeji akasema. "Na wewe bwana, mnunulie mtoto kibodi. Mtaua mtu hapa kwa dawa ya mwenzake."

Binti aliendelea na kazi yake siku ileile. Meneja alimpa onyo kwa kuandika mambo binafsi saa za kazi, eti ili mizani ikae sawa. Kibodi hazijanunuliwa mpaka leo. Bado anabonyeza, anavuta pumzi, na foleni inamnung'unikia yeye.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakutukana, hakukusudia.

Siku ile tukitoka, mlangoni shemeji aliniuliza, "Na ile nusu ya pili, shemeji, ndiyo msimamo wenu?" Nilimjibu. Wapo waliokwisha kunijia na maswali kwa kisingizio cha kunijulia hali, wakitaka kujua nilimjibu nini. Hayo ni yangu na yeye. Sisemi zaidi.