Nilikatwa tumbo nikapungua, mama akaja kunitoa kwa mume wangu

Assalaam aleikum wakuu, na wale wa habari, habari zenu pia.

Huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naandika, na chumvi sitaongeza hata punje.

Mimi ni Mborana wa Garbatulla, nimeolewa hapa Isiolo mjini, nauza madera na mashuka. Baada ya mtoto wa mwisho uzito ulipanda ukakataa kushuka. Sugar ikaja, presha ikafuata, magoti yakagoma.

Ikafika mahali naswali nimekaa kwenye kiti, na mimi si mzee. Hiyo iliniuma kuliko matusi yote ya unene niliyowahi kusikia.

Daktari wa Nairobi akanipima damu, kipimo kinaitwa CRP. Kwa lugha yetu ya kawaida, kinaonyesha kama mwili una uvimbe wa ndani usioonekana. Yangu ilikuwa juu. Akanieleza kwamba mafuta ya tumboni hayakai tu kama mzigo, yanauchokoza mwili kutwa kucha. Basi tukakubaliana na mume wangu nifanyiwe upasuaji, tumbo la chakula lipunguzwe.

Kwa wanaofikiria kwenda: mara tu baada ya kisu CRP hupanda kwanza, sababu ya kidonda. Mimi nililia nikidhani nimejimaliza. Usilie, uliza daktari wako.

Baadaye ikaanza kushuka, kila nikirudi kliniki imeshuka tena. Sugar ikatulia.

Lakini mwili nao! Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Ngozi ya mikono ikaning'inia. Uso ukaingia ndani. Damu inasema napona, kioo kinasema nakwisha.

Sasa kwetu, mtu akitoka hospitali analishwa mafuta mpaka ang'ae. Kupona ni kunenepa. Na mke akikonda, anayeulizwa ni mume.

Jirani mmoja alinipitia dukani, akaenda Garbatulla na habari kwamba nimekwisha. Haukupita muda mama akafika, pamoja na kaka yake ambaye sisi tunamwita Abuya. Mjomba akija kwa mambo ya ndoa, jua hakuja kunywa chai. Mama alibeba mkebe wa nyirinyiri, ile nyama ya vipande inayohifadhiwa ndani ya mafuta.

Hata hakukaa. Akamgeukia mume wangu.

"Nilikupa msichana mzima. Hii umeniwekea hapa ni mfupa. Kwani nyama imeisha Isiolo?"

"Mama, anakula," mume wangu akasema pole pole. "Ni tumbo ilikatwa. Si tuliwaambia?"

"Ilikatwa, ikapona. Mwili mbona hairudi?"

Abuya akamaliza: "Kesho tunaenda na yeye. Akipona, atarudi."

Wakuu, nilipandwa na hasira. Huyu mwanaume ndiye aliyenisagia uji na kunihesabia vidonge vya vitamini, leo anaitwa mchoyo! Nikafungua mkebe, nikala mbele yao ili waone kwamba nakula. Nikala kama zamani.

Tumbo langu jipya halijui siasa za familia. Jasho likanitoka, moyo ukaenda mbio, nikatapika yote.

"Umeona?" mama akasema. "Chakula inamkataa." Akaanza kukunja nguo zangu, akazitia kwenye mfuko, akauweka mlangoni.

Asubuhi nikampa majibu ya maabara. Akayasukuma kando. "Hiyo ni ya daktari. Mimi naangalia mtoto yangu." Nikaona kweli nahamishwa, ndoa yangu ikiwa nzima kabisa.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mama, kwa mazoea, akanivutia kiti changu karibu na mkeka.

Nikakirudisha ukutani.

Nikasimama kando yake, tukaswali. Nilikuwa nimeshaanza kusujudu chini majuma kadhaa, ila yeye hakuwa amewahi kuniona. Paji la uso likagusa mkeka. Nikainuka bila kushika kitu. Nilihisi ananitazama, Mungu amsamehe.

Tulipotoa salamu akanishika mkono. "Hebu rudia."

Nikashuka, nikainuka.

"Tena."

Mara ya tatu alikuwa analia, nami nikalia. Akamwita Abuya: "Toa hiyo mfuko kwa mlango. Huyu amepona."

Basi wakuu, nilichojifunza: majibu ya damu ni yako na daktari wako, yafuate, na vitamini usiache. Ila mzazi msomee kwa kitu anachokijua yeye. Na usile nyirinyiri kwa hasira.

Waliopitia upasuaji huu, nywele zenu zilirudi lini? Na wazee wenu mliwaelezaje? Andikeni hapo chini, nasoma zote.

Nisisahau. Kabla ya kuondoka, mama alimtazama sana mume wangu, akamsukumia ule mkebe.

"Wewe pia umekonda," akamwambia. "Kula, mtoto yangu."