Rula kwenye Mfongo

Jana, katika duka moja mjini Moshi, nilimnunulia mwanangu rula ya mbao. Nikainusa kama mjinga, na harufu ile ikanirudisha kwenye mfongo, mfereji wa ukoo ulioteremka kutoka msituni ukipita kando ya migomba yetu.

Nilikuwa shule ya msingi, na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametuagiza kila mmoja achague kitu, akipime kila asubuhi kwa sentimita, na aandike alichokiona, si anachokitaka. Mimi nikachagua maji ya mfongo. Bibi alifurahi kuliko mimi. Macho yake yalikuwa yameshafifia, kwa hiyo kila niliporudi aliniuliza mlangoni, "Leo ngapi, mjukuu wangu?"

Kumi na nne. Kumi na moja. Sita. Nilisimamisha rula wima juu ya jiwe lilelile, kama tulivyofundishwa, na kila siku ilitoka ikiwa imelowa sehemu fupi kuliko siku iliyotangulia.

Asubuhi ya zamu yetu ya kumwagilia, ilitoka kavu.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Labda hukuishika sawa," akasema taratibu. "Rudi ukapime tena."

Nikarudi. Nikapima mara tatu, hata pembeni ya jiwe, kwenye tope; maji hayakuwepo. Niliporudi nyumbani Bibi alikuwa bado amesimama palepale, jembe mkononi, akinisubiri.

"Mbili," nikasema.

"Si nilikuambia," akajibu, akaanza kuteremka polepole kwenda kuifungulia migomba yake maji.

Nikamfuata nyuma, rula kwapani.